Kila mtu duniani anatupa lumbesa moja ya chakula kwa mwaka. Nimefuata mzigo wangu kutoka Uporoto hadi Ilala, njooni tuongee

MwanaUporoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huku Uyole, Mbeya, mvua haijakata tangu saa nane mchana, sina pa kwenda, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu. Mwenye haraka zake apite tu, hatugombani.

Nafanya biashara ya viazi mviringo. Nanunua shambani Uporoto, napeleka Ilala, Dar. Miezi miwili iliyopita mzigo wangu ulikaa njiani siku tatu. Gari lilizimika kabla ya Mafinga, spea ikafuatwa Iringa mjini, na tulipofika Kitonga tukakuta lori limelala barabarani. Nilipofungua turubai pale sokoni, harufu ndiyo iliyonipokea. Tulichambua magunia 70 kutwa nzima, mimi na vijana wawili. Magunia 11 yalikwenda moja kwa moja kwenye lundo nyuma ya soko. Mengine nikayauza kwa bei ya kutupa. Maneno hayo nimeyatamka maisha yangu yote, lakini siku ile ndiyo niliyasikia.

Usiku gesti usingizi hauji, nikaanza kusoma kwenye simu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024 likahesabu chakula kilichotupwa mwaka 2022 madukani, hotelini na majumbani. Tani bilioni 1.05. Namba kama hiyo kwangu haina sura, mimi nahesabu kwa magari. Nikapiga hesabu: Fuso ya tani 10, safari milioni 105. Bado haikuniingia. Kilichoniingia ni pale walipogawa kwa vichwa vya watu wote duniani: kilo 132 kila mmoja kwa mwaka. Kilo 132, ndugu zangu, ni lumbesa moja, gunia lililoshindiliwa kupita kipimo. Kila binadamu, hadi kichanga kilichozaliwa jana, ana lumbesa yake jalalani. Na mwaka huohuo watu kati ya milioni 691 na milioni 783 walikuwa na njaa.

Hapo hujagusa kinachopotea kabla ya kufika dukani. Hicho kinahesabiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nao wanasema ni kama asilimia 13 ya chakula kilichokwisha kuvunwa. Magunia yangu 11 yamo kwenye fungu hilo.

Basi safari iliyofuata nikaamua nisiwe mfanyabiashara, niwe mpelelezi. Nikaanza shambani. Mkulima alichimba kabla ya wakati kwa sababu bei ilikuwa juu na shule zinafunguliwa. Kiazi kisichokomaa ngozi yake inavuka hata kwa kidole gumba. Ushauri wa siku zote ni ukate majani, usubiri wiki mbili hivi ngozi ikaze, ndipo uchimbe. Sasa nani atasubiri wiki mbili na bei iko juu leo? Vilivyokatwa na jembe vikachanganywa humohumo na vizima. Vidogo kama golori vikabaki kwenye matuta. Halafu kukaja kushindilia. Kijana anapanda juu ya gunia kwa miguu yake, anakanyaga kama anakanda udongo, kisha anashona kilemba cha kamba juu. Sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100. Lile lilikuwa 130 na ushee. Anayelibeba hawezi kulitua, analibwaga. Likibwagwa, vya chini vinapasuka, na kiazi kimoja kilichopasuka kinatosha kuwaharibu majirani wote ndani ya joto la turubai.

Nimeyaona hayo miaka tisa. Sikuwahi kuyaita upotevu, niliyaita "hali ya biashara". Na kila niliyemuuliza njiani, mkulima, kuli, dereva, dalali, muuza mafungu, alinijibu jambo lilelile: mimi situpi, kinabaki tu. Sasa nauliza hapa. Kama hakuna anayetupa, hizi lumbesa ni za nani?

Mnyalukolo77

Siti ya mbele kabisa. Kamwene wote. Ila uzi bila picha ni chai.

MwanaUporoto

Picha ya viazi vilivyooza ya nini mkuu, kula kwanza chakula cha jioni.

FusoLaKusini

Mleta mada umesema kweli ila kuli umemwonea. Mimi dereva, njia hii ya Tunduma hadi Dar naijua shimo kwa shimo. Gunia halinenepi kwa sababu watu ni wabaya. Linanenepa kwa sababu nauli inalipwa kwa gunia, ushuru unakatwa kwa gunia, kuli analipwa kwa gunia, na mkulima ananunuliwa kwa gunia. Kila mtu barabarani anahesabu magunia, hakuna anayehesabu kilo. Mwenye mzigo akiweka magunia 70 badala ya 100 ameokoa nauli ya magunia 30. Wewe mwenyewe mkuu unaijua hesabu hiyo, na sidhani kama uliwahi kumwambia yule kijana ashuke juu ya gunia.

MwanaUporoto

Sikuwahi. Umenipata.

MamaLisheKabwe

Wanangu, mimi nina kibanda cha chakula Kabwe, hapa Mbeya mjini, miaka 14 sasa. Napika kwa sado, najua Jumatatu inakula sado ngapi na Jumapili ngapi. Wali ukibaki unakwenda nyumbani, asubuhi ni kiporo na chai ya rangi, watoto wanagombea ukoko. Kwangu sufuria haitupi kitu. Sahani ndiyo inatupa.

Na wanaotupa ni akina baba. Anakuja kijana mbele ya wenzake, "Mama, ugali mkubwa!" Ugali mkubwa ni sifa. Anakula nusu, anaacha mlima, anaondoka anapangusa meno. Nikipunguza tonge moja tu, wananiambia mama umeanza ubahili. Nilijaribu kuuza ugali wa kati kwa bei ndogo, akawa anaununua mwanamke na fundi mmoja tu asiyejali watu.

Makombo yana ndoo yake, anakuja mfuga nguruwe jioni. Huyo ana adabu: hataki mifupa ya kitimoto humo, na anachemsha kila kitu kabla ya kulisha, kwa sababu homa ya nguruwe ilishamfagilia banda zima. Anasema makombo mabichi ni njia mojawapo ya kuuleta ule ugonjwa. Kwa hiyo, mwanangu wa Uporoto, swali lako: ugali mwingine unaanza kama sifa na unaishia kuwa nguruwe.

MbishiWaSoweto

Nimesoma kimya, sasa nibishe. Mnakubali namba kirahisi sana.

Kwanza, miaka mingi tuliambiwa wanaotupa majumbani ni Wazungu na sisi tunapoteza mashambani tu. FAO mwaka 2011 walisema mlaji wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini anatupa kilo 95 hadi 115 kwa mwaka, wa Afrika kusini mwa Sahara kilo 6 hadi 11. Leo UNEP wanasema majumbani ni wastani wa kilo 79 kwa mtu, na kati ya nchi tajiri, zile za kati za juu na za kati za chini, ambako sisi tumo tangu 2020, tofauti ni kilo 7 tu. Yaani mama wa Ilomba hapa Mbeya anatupa sawa na mama wa London? Mmekubali?

Nenda kasome wanahesabu nini. Wanahesabu na visivyoliwa. Maganda, mifupa, mbegu za embe. Mama wa London ananunua viazi vilivyokwisha kumenywa, maganda yamebaki kiwandani. Huku kwetu Tukuyu ndizi zinamenywa jikoni, mkungu mzima, na theluthi na ushee ya uzito wake ni ganda. Hilo ganda ndilo mnaloliita chakula? Lumbesa yako, mkuu, imejaa maganda.

Mnyalukolo77

Mbishi kaamka. Mleta uzi jibu hilo.

MwanaUporoto

Sina jibu la kichwani. Nipeni wiki moja.

NyanyaIlula

Wakati anatafuta jibu niseme la kwangu. Nalima nyanya Ilula. Wapita njia wanatuona tumepanga ndoo nyekundu kando ya lami, wanafikiri ni neema.

Nyanya haina subira ya kiazi. Tukipanda wote baada ya mvua tunavuna wote. Wiki ambayo tenga lilikuwa na bei, kila mtu anakimbilia kibarua na mbao za kutengenezea matenga. Wiki mbili baadaye soko limelala. Mwaka fulani nilipiga hesabu: kibarua wa kuchuma, tenga lenyewe, nauli hadi Dar, ushuru, dalali. Jumla ilizidi bei ya nyanya sokoni. Maana yake kila tenga ninalolipeleka linanidai. Nikaacha shamba zima. Ekari moja na robo, nyekundu, limekaa kama zulia. Ng'ombe wa jirani walikula wakashiba, wakaanza kuchagua.

Sasa wewe umesema FAO wanahesabu kilichokwisha kuvunwa. Mimi sikuvuna! Nyanya zangu hazimo kwenye asilimia 13, hazimo kwenye kilo 132. Nimepoteza mtaji na hata kwenye takwimu sikuingia.

MbishiWaSoweto

Huyu dada, au kaka, ana hoja kubwa kuliko yangu. WWF, lile shirika la uhifadhi wa mazingira, mwaka 2021 walijaribu kuhesabu na vinavyoharibika shambani kwenyewe, wakapata tani bilioni 1.2, na jumla ya yote kama asilimia 40 ya chakula kinacholimwa duniani. Ndiyo maana nabisha kuhusu namba. Si kwamba ni kubwa mno. Kila anayehesabu anachagua pa kuanzia.

NyanyaIlula

Dada. Asante.

MbozaMahindi

Mimi wa Vwawa, mahindi. Tatizo letu lina miguu sita. Dumuzi, wazee walimwita Scania. Mdudu wa Amerika ya Kati, aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 akaonekana kwanza upande wa Tabora, halafu akatembea nchi nzima. Ukimwacha kwenye kihenge miezi michache unakuta gunzi limekuwa unga, na siyo unga wa kusonga.

Ninachotumia sasa ni mifuko isiyopitisha hewa. Unakausha mahindi hadi unyevu uwe asilimia 13 au chini, unafunga mfuko wa ndani barabara, wadudu waliomo wanamaliza hewa yao wenyewe wanakufa. Hakuna dawa. Mzee wangu hakuamini, akatoboa kidogo achungulie. Ule mmoja aliochungulia ndio ulioliwa.

Kuhusu kukausha msilichukulie mzaha. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu, mahindi yaliota ukungu. Kwa hiyo kuna chakula ambacho kukitupa ni lazima, hata kama roho inauma. Bibi yangu alikuwa anachagua mahindi yenye ukungu anayapeleka kwenye kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Siku hizi nayachoma, kwa kificho, asione.

MsafiriSeoul

Ndaga fijo kwa uzi huu, mie wa Kiwira lakini nasoma Korea Kusini. Huku tangu 2005 ni marufuku kufukia makombo dampo, na tangu 2013 mwenye nyumba analipia kwa kadiri anavyotupa. Kwenye ghorofa letu pipa lina mizani. Unagusisha kadi, mfuniko unafunguka, unamwaga, linapima, gharama inaingia kwenye bili ya mwezi. Karibu makombo yote yanageuzwa mbolea, chakula cha mifugo au gesi.

Kinachonichekesha: wiki ya kwanza nilijikuta nachuja mchuzi kwenye sinki ili mfuko uwe mwepesi. Jirani yangu ajuza anakausha maganda dirishani kwanza. Pipa likikudai hela, akili inafunguka yenyewe.

MamaLisheKabwe

Mwanangu, niletee hilo pipa nilifunge mlangoni kwa akina ugali mkubwa.

KatibuKamati

Nisipochangia hapa nitakuwa mnafiki. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi Iringa, kamati nane. Bajeti ya chakula huwa haiguswi, mtapunguza maua, mtapunguza muziki, chakula hapana, kwa hofu ya neno moja: "kiliisha". Bwana harusi anaweza kusamehewa kuchelewa. Chakula kikiisha utasikia hadi watoto wake wakioa. Kwa hiyo watu 300, tunapikia 400, wanakuja 260 kwa sababu mvua. Saa sita usiku mpishi anauliza, katibu hivi viende wapi? Kila mtu amevaa suti, hakuna aliyekuja na bakuli.

Ukumbi mmoja walitukatalia kabisa kutoa chakula nje, wakasema ni utaratibu wao. Nilisimama nikitazama pilau linamwagwa kwenye pipa la bluu, pilau la mchango wa watu, mwingine alikopa. Nasikia Ufaransa tangu 2016 duka kubwa la zaidi ya mita za mraba 400 haliruhusiwi kuharibu chakula kinachofaa, lazima liwe na makubaliano na mashirika ya misaada. Huku tungeanza na kumbi.

Tangu siku hiyo kamati yangu ina mtu wa ndoo. Kazi yake usiku ule ni moja tu, na anaanza kufungasha kabla ya keki kuisha.

MwanaUporoto

Nimerudi, wiki imepita. Mbishi, nimekupimia.

Nyumba yangu ina watu sita. Niliweka ndoo mbili jikoni, moja ya maganda na mifupa, nyingine ya chakula chenyewe. Mke wangu alicheka siku ya kwanza, siku ya pili akakasirika, siku ya nne akawa ndiye anayepima. Mwisho wa wiki, kilo 8 na nusu. Ukizidisha kwa mwaka ukagawa kwa sita, inakuja kama kilo 74 kwa mtu. Nilishtuka, maana tunakaribia kabisa ule wastani wa kilo 79.

Ila ndoo ya maganda ilikuwa na kilo 6 na nusu. Umeshinda hapo. Chakula chenyewe kilo 2: ugali uliolala, mboga ya majani iliyonyauka kabla ya kupikwa, wali wa mtoto aliyesema ameshiba ili akacheze. Kilo 2 kwa wiki ni zaidi ya kilo 100 kwa mwaka. Gunia. Nyumba moja, na sisi si matajiri. Haba na haba ilijaza kibaba kwa wazee wetu, kwangu inajaza jalala.

Lakini ganda nalo usiliachie huru, Mbishi. Likienda dampo likafunikwa na taka nyingine, linaoza bila hewa na kutoa methani, na methani inashika joto kuliko hewa ya ukaa mara 28 hivi ukipima kwa miaka 100. UNEP wanasema upotevu wote wa chakula unabeba asilimia 8 hadi 10 ya gesi joto za dunia, karibu mara tano ya ndege zote. Ganda la ndizi likibaki Tukuyu chini ya mgomba ni mbolea. Likipanda gari la taka Mbeya mjini ni moshi usioonekana. Ganda ni lilelile, lililobadilika ni linapotupwa.

MbishiWaSoweto

Hapo nakubali. Nadra sana, mpige picha.

Na nikuongezee la maji, maana hilo ndilo linalonikera kuliko gesi. Kilo ya mchele kwa wastani wa dunia inakula kama lita 2,500 za maji. Mchele wetu mwingi unatoka Usangu, na maji ya Usangu ndiyo Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 mwanzoni ule mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye madimbwi, na huko chini Mtera na Kidatu wanausubiri kwa ajili ya umeme. Kila mwaka tunagombana nani anywe kwanza: mkulima, mfugaji, tembo au mtambo. Halafu pilau la Katibu linamwagwa kwenye pipa la bluu. Kilo 50 za mchele tu ni lita 125,000.

KatibuKamati

Mkuu usiniharibie usiku.

Mnyalukolo77

Na ahadi zipo. Malabo mwaka 2014 viongozi wa Afrika walikubaliana kupunguza nusu ya upotevu wa baada ya mavuno ifikapo 2025. Sisi wenyewe tuna mkakati wa taifa wa 2019 hadi 2029. Mwaka 2025 ulifika, lumbesa bado imevaa kilemba.

FusoLaKusini

Siku ushuru ukikatwa kwa kilo, kilemba kitavuka chenyewe.

MwanaUporoto

Mzigo wa juzi nilipakia kilo 100 kwa kila gunia, nikakataa kushindilia. Nauli iliniuma, sifichi. Dalali wa Ilala alinicheka mbele ya watu, akasema wateja wataniona mwizi kwa sababu gunia halina kilemba. Tuliuza, lakini polepole kuliko wenzangu. Vilivyooza havikujaza hata debe. Nikijumlisha yote nimepata pungufu kidogo kuliko safari ya lumbesa inayofika salama, na zaidi sana kuliko ile iliyokwama. Kwa hiyo ni kamari, na safari moja haitoshi kusema. Nitajaribu tena mwezi ujao.

Mama wa Kabwe, vile vidogo kama golori, mkulima wangu amekubali kuviokota. Unavihitaji?

MamaLisheKabwe

Vya kuchemsha na maganda yake nikaunga kwenye nyama, navitaka. Ndoo mbili kwanza. Usiniletee vilivyogeuka kijani kwa jua, vinachoma koo.

MwanaUporoto

Jumamosi asubuhi, mama.

FusoLaKusini

Wakuu naandika nikiwa Kitonga, foleni haisogei saa ya tano sasa. Wanasema semi imekata breki kona ya chini. Mbele yangu kuna Fuso ya nyanya, matenga yameanza kudondosha maji lami nzima.

NyanyaIlula

Turubai rangi gani?

FusoLaKusini

Bluu. Kona moja imechanika, wamefunga na kamba ya katani.

NyanyaIlula

Basi siyo letu, letu ni la kijani. Ila nenda kamwambie dereva afungue turubai upande wa upepo, joto litoke. Mwambie sasa hivi.

FusoLaKusini

Nashuka.